Alisaidiwa

Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
Mtaa wa Ghala la Barafu.
Jumanne, 14 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Habari za kazi, za nyumbani, za wifi yangu na mgongo wake? Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakula, na umeketi. Kama hujaketi, keti kwanza. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linapanda ngazi likinyamaza na kushuka likilalamika, na daktari kaniambia nilizoee kwa sababu tumezeeka pamoja. Binti yako naye ni mzima wa mwili. Ya moyo wake nitakueleza.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Tangu Jumapili nimekupigia mara tatu. Mara ya kwanza ulinikatiza, ya pili ukanikatiza, ya tatu ukasema mtandao ni mbaya, nami huku nikiisikia saa yako ya ukutani ikigonga vizuri kabisa. Barua haikatizwi. Unaweza kuikunja, unaweza hata kuitupa chini, lakini siku ukiiokota itaendelea pale pale ulipoiachia.

Basi niitangulize hasira, isije ikajificha nyuma ya salamu. Nimekukasirikia, ndugu yangu, na sijakukasirikia hivi tangu ulipouza vitabu vyangu vya shule ukanunua mpira. Unajua nimekuwa mkalimani wa mahakama miaka ishirini na sita. Nimefasiri maneno ya wezi, ya wajane, ya mawakili waliolevywa na sauti zao wenyewe. Sijawahi kuona hukumu ikitolewa kwa simu ya dakika nne, kwa ushahidi wa shahidi mmoja, na shahidi huyo ndiye aliyepaswa kukaa kizimbani. Wewe umeitoa. Umemwambia mwanao mwenye miaka thelathini na tatu, fundi wa meno bandia ambaye nusu ya wazee wa mji huu wanatafunia kazi ya mikono yake, kwamba akipanda tena boti asikuite baba.

Najua alichokuambia shemeji yetu, mume wa mdogo wetu, maana anamwambia kila anayeingia dukani kwake kununua brashi ya rangi. Kwamba samaki alimvuta mtoto, miguu ikaacha sakafu ya boti, na lau si yeye tungekuwa tunapokea wageni wa msiba. Anasimulia vizuri. Mimi mwenyewe ningemwamini kama nisingekuwa nimesimama mkono mmoja kutoka pale.

Sasa nisikilize mimi, na nivumilie nikieleza, maana kosa zima limetokana na watu kutojua wanachokisema.

Kila Jumamosi ya pili tunatoka wanawake watatu: mimi, binti yako, na rafiki yangu Mkunga, aliyestaafu wodi ya wazazi akabaki na jina la kazi. Boti ni yake. Aliachiwa na marehemu mumewe. Tunavua kwa fimbo, katika maji ya chumvi, mbali kidogo na mnara wa taa. Hatuuzi samaki. Wengi tunawarudisha. Wewe unauita mchezo huu kupoteza muda majini, na shemeji anauita pikiniki ya akina mama. Nikueleze raha yake basi, labda hujawahi kuambiwa. Unakaa saa mbili bila lolote. Hakuna anayekuuliza chumvi iko wapi. Mkunga anasinzia kofia ikiwa usoni. Halafu kile kigurudumu kinachokunja mshipi kinapiga kelele, ghafla, kama cherehani iliyoshikwa na wazimu, na kitu usichokiona kinaondoka na mshipi wako kwenda kusikojulikana. Mimi nina miaka sitini na sita. Ni vitu vichache sana sasa vinavyonifanya niruke kutoka kwenye kiti. Hicho ni kimoja.

Samaki mkubwa havutwi kwa nguvu. Hapo ndipo wanaume wengi wanapokosea, na samahani kwa kusema hivyo. Kigurudumu kina breki. Samaki akikimbia, breki inamwachia mshipi kidogo kidogo ili usikatike. Akichoka, wewe unaukunja. Anakimbia, unamwachia, anapumzika, unakunja. Mkunga hupenda kusema, "Mtoto havutwi, anasubiriwa." Binti yako ana subira hiyo. Mtu anayechonga jino moja siku nzima ana subira ya kumtosha jodari.

Na sheria ya mashindano ni moja kuu, inayojulikana na kila mwanachama: fimbo moja, mtu mmoja. Tangu samaki ashike chambo mpaka afike ubavuni mwa boti, hakuna mwingine atakayegusa fimbo, wala kigurudumu, wala mshipi. Akigusa hata kwa kidole, hata kwa nia njema, samaki hahesabiki.

Jumamosi iliyopita, tarehe kumi na moja, kulikuwa na shindano la chama. Kwenye shindano nahodha lazima awe na cheti. Mkunga alikuwa ameshafaulu mtihani wa unahodha lakini cheti kilikuwa bado kinazunguka ofisini, meza hadi meza, kikinywa chai. Nikasema tumwombe shemeji, ambaye chake anacho, atuendeshee siku moja. Wazo lilikuwa langu. Liandike hilo upande wangu wa makosa. Litapata mwenzake mbele.

Saa nne na dakika kumi asubuhi samaki akashika fimbo ya binti yako. Tukajua mara moja kwamba si wa kawaida, kwa sababu hakuruka wala hakuzunguka. Alikwenda chini moja kwa moja kama jiwe lenye nia mbaya. Jodari. Binti yako akavaa mkanda wa kiunoni ule wenye kikombe cha kutegemezea fimbo, mimi nikaufunga mkanda wa usalama kwenye pete ya kiti, nikauvuta mara mbili kuhakikisha. Zingatia hapo: alikuwa amefungwa. Hata kama samaki angekuwa na ukubwa wa kabati, asingemtoa kwenye boti bila kung'oa na kiti chenyewe.

Alipigana naye saa moja na dakika arobaini. Nilikuwa nikimpa maji mdomoni. Mikono ilimtetemeka, jasho likamwingia machoni, naye alikuwa anacheka, ndugu yangu. Anacheka! Sijui mara ya mwisho wewe ulimwona akicheka hivyo ni lini. Mimi ilikuwa siku alipopata kazi.

Shemeji hakuweza kutulia. Kila dakika tano anageuka kutoka kwenye usukani.

"Umechoka, mwanangu. Lete nikupokee kidogo."

"Sijachoka, Anko."

"Mkono unatetemeka huo!"

"Acha utetemeke, ni wangu."

Mkunga akamwambia, "Shemeji, kazi yako ni usukani. Huku leba wanaume hawaingii." Tukacheka sote, hata yeye.

Mshipi uliokuwa majini ulipobaki kama pima kumi, samaki akaiona boti, akakimbia mara ya mwisho, safari hii akipita chini yetu. Hapo nahodha anatakiwa kufanya jambo moja tu: aisogeze boti mbele taratibu ili mshipi usisugue chini ya chombo. Binti yako akapaza sauti, "Anko, mbele! Mbele kidogo!"

Badala ya kwenda mbele, shemeji aliacha usukani.

Nakuomba usome sentensi hiyo mara mbili. Nahodha, mwenye cheti, aliacha usukani boti ikiwa na watu wanne na mawimbi yakija ubavuni. Boti ikageuka ikalala upande. Ndiyo, binti yako aliyumba. Sote tuliyumba, Mkunga alijipigiza bega, mpaka leo lina rangi ya bilinganya. Basi hiyo ndiyo "miguu iliyoacha sakafu" unayoisikia kwenye simu. Aliyemyumbisha mtoto ndiye anayejisifu kumwokoa.

Shemeji akafika, akaishika fimbo juu ya mikono ya binti yako kwa mikono yake yote miwili.

"Anko, toa mkono!"

"Nimekushikia, nimekushikia, usiogope!"

"Toa mkono! Toa!"

Sauti aliyoitoa mara ya pili sijawahi kuisikia kwake. Shemeji akaachia kama aliyeshika sufuria ya moto. Haikuwa zaidi ya pumzi mbili. Mkunga akawa ameshaushika usukani, akatusogeza mbele, mshipi ukanusurika. Baada ya robo saa samaki akafika ubavuni, tukamwingiza kwa kulabu. Hakuna aliyeshangilia isipokuwa shemeji.

"Tumempata!" alisema. Tume.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo hukuambiwa, kwa sababu shemeji halijui, na ambalo linaniudhi kuliko yote kwa kuwa ni langu.

Gatini kuna mizani ya chama, na mpimaji wake ni mzee mmoja mkimya, fundi saa, anayepima kwa uangalifu kama anapima dhahabu. Jodari alikuwa na kilo sitini na saba. Rekodi ya chama ilikuwa sitini na moja, na imesimama miaka kumi na moja kwa jina la mwanamume. Watu walianza kupiga makofi. Kabla ya kuandika, mpimaji humuuliza mvuaji swali lile lile kila mara: kuna mwingine aliyegusa fimbo? Hapo hakuna aliyejua. Boti haikuwa na mtu wa nje. Shemeji alikuwa ameshaanza kumsimulia muuza barafu wa pale gatini. Mkunga alikuwa akifunga kamba ya boti. Na mimi, mtu niliyewaapisha mamia ya watu waseme kweli na kweli tupu, nilimminya binti yako kiwiko na kumnong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Sema hapana. Hukumwomba."

Aliniangalia. Akaninong'oneza naye, "Shangazi, nikisema hapana, nitakuwa namtunzia Anko siri maisha yangu yote."

Kisha akamgeukia mpimaji, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fimbo yangu ilishikwa."

Makofi yakakatika. Mpimaji akauliza ilishikwa na nani, akaambiwa. Shemeji akatanua mikono akicheka. "Jamani, nimemsaidia mtoto wangu, na hilo nalo limekuwa kesi?" Watu wakacheka pamoja naye, mtu akicheka kwa kujiamini hupata wenzake. Alimgeukia binti yako, "Na wewe, si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

Mkunga ndiye aliyemjibu. "Shemeji, ukimkuta mama anajifungua, utamsaidia kusukuma?" Hapo walicheka upande wetu, lakini kicheko hakibadilishi kitabu. Mpimaji aliandika uzito, akaandika jina la binti yako, na mbele yake, mahali pa rekodi, akaandika neno moja: Alisaidiwa.

Nimelitazama neno hilo siku tatu. Si uongo. Ningeitwa kulifasiri mahakamani ningelifasiri hivyo hivyo. Lakini angalia lilivyoumbwa. Halimtaji aliyesaidia, amejificha ndani ya kitenzi kama panya ndani ya gunia. Halisemi kama aliyesaidiwa aliomba, au alikataa mara tatu, au alipiga kelele. Linasema tu kwamba peke yake asingeweza. Mtu alitiwa hasara, kitabu kikaandika kwamba alitendewa wema. Tena lugha yetu ni tajiri, ndugu yangu! Tungeweza kuandika "alivurugiwa". Tungeweza kuandika "alizuiwa". Nilimwambia mpimaji hivyo, akanijibu kwa adabu kwamba kwenye kitabu chake kuna maneno mawili tu, "Mwenyewe" na "Alisaidiwa", naye hakuyatunga. Nimeandikia kamati ya chama barua ya kurasa tatu. Wakiniona mlangoni wanapitia dirishani.

Ungefikiri yangeishia hapo. Jana nilipita duka la rangi kununua rangi ya kupaka mlango. Ukutani, nyuma ya mashine ya kuchanganyia rangi, kuna picha mpya ndani ya fremu. Shemeji amemkumbatia jodari begani. Binti yako anaonekana upande wa kulia: sikio moja na nusu ya bega. Chini yake pameandikwa "Kilo 67". Nikamuuliza samaki yule ni wa nani. "Wa familia, dada," akaniambia, na kuniongezea punguzo ambalo sikulitaka. Niliondoka bila rangi. Mlango utabaki ulivyo.

Simchukii. Ameishi na mdogo wetu kwa wema miaka thelathini, na nilipolazwa alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu kila siku bila kuombwa. Hapo nilimshukuru kwa sababu nilikuwa siwezi kutembea. Ndiyo tofauti ninayojaribu kumweleza, na yeye ananiangalia kama naongea kwa lugha ya ndege. Kusaidia ni kumpa mtu asichokuwa nacho. Ukimnyang'anya alichokuwa nacho, hata ukiwa unatabasamu, tafuta jina jingine.

Na wewe je? Yeye alishika fimbo pumzi mbili. Wewe umeshika dakika nne. Ulimpigia Jumapili saa tatu asubuhi, akiwa na mikono iliyojaa malengelenge, hawezi hata kushika kikombe. Alikuwa mezani kwangu. Aliiweka simu kwenye spika kwa sababu ya vidole, hivyo nilisikia kila neno. Hukumuuliza kilichotokea. Hukumuuliza samaki alikuwa mkubwa kiasi gani. Ulisema umemlea, umemsomesha, na hukumsomesha aje afe kama chambo. Na yeye akakujibu, "Ndiyo, baba. Nimesikia, baba." Kisha akaosha vyombo vyangu vyote, na vilivyo safi.

Najua unaogopa maji. Nilikuwepo siku ulipotumbukia kwenye tangi la shule, na mkono uliokutoa ni huu unaoandika. Hofu yako naiheshimu, lakini ni yako. Usimvishe mtu mwingine kisha ukamwambia ni malezi. Ungempigia ukamwambia, "Mwanangu, nimeogopa," angekueleza mikanda, pete na breki mpaka usingizi ukuchukue. Badala yake uliitoa hofu nje ikiwa imevaa koti la hakimu.

Sasa nikueleze hali ilivyo, usije ukadhani amri yako imefanya kazi. Jumamosi ya kwanza ya Novemba kuna shindano la wanawake. Boti kumi na mbili, wanawake watupu, na nahodha wetu atakuwa Mkunga mwenyewe. Cheti chake kimetoka jana, kina mihuri mitatu na doa la chai. Binti yako atakwenda. Hakuniambia kwa kelele. Alikuja jana jioni, akaketi, akajaza fomu kwa ule mwandiko wake mdogo wa kuandikia vipimo vya meno, akanipa niipeleke ofisini kwa kuwa mimi napita huko.

Mimi husoma kila karatasi ninayopewa. Ni ugonjwa wa kazi. Fomu ina mstari unaosema: Mtu wa kujulishwa likitokea lolote. Nimepeleka fomu zake miaka minne, na miaka yote minne mstari huo ulikuwa na jina lako na namba yako, wewe uliye mbali safari ya siku mbili, wakati mimi niko hapa hapa juu ya kituo chake cha basi. Niliwahi kumtania kwamba ukipigiwa simu utafika kwenye arobaini, si kwenye maziko. Akasema, "Hapana Shangazi, baba ndiye mtu wangu wa kujulishwa."

Safari hii ameuacha wazi.

Nilimuuliza kama amesahau. Akasema hajasahau, hajui tena aandike nani, na kama sitajali niweke langu. Nimekataa. Nimemwambia kalamu yangu imekwisha wino, uongo ambao hata fundi saa angeugundua. Fomu iko hapa mezani, chini ya miwani yangu. Ofisi inafunga kupokea tarehe ishirini na nane. Sikuombi ruhusa, mdogo wangu. Ruhusa hakuna aliyekuomba. Atapanda boti, nami nitaufunga mkanda wake na kuuvuta mara mbili. Kilichobaki ni kujua siku hiyo nani atakuwa mtu wake. Mpigie yeye, si mimi. Na ukimpigia, anza kwa kumuuliza habari za samaki.

Nisalimie wifi yangu, mwambie alalie upande asitie mto chini ya kiuno. Nisalimie mapacha, na yule wa mwisho anayejifunza useremala mwambie kiti alichoniahidi bado nakisubiri nimesimama. Nisalimie mama mkwe wako na masikio yake. Mdogo wetu anakusalimu; naye ameacha kumpikia mumewe tangu jana, kwa hiari yake, sikumshauri. Salamu za shemeji sikuletei, anayo simu, na wewe unajua anavyoitumia.

Mungu akulinde, akupe moyo mpana na masikio mapana zaidi, na akukutanishe na watoto wako wote mkiwa na amani.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata nikiwa nimefura hivi.